Stara Isiwe Kichaka cha Kufichia Deni

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa miaka mingi niliichukulia methali hiyo kuwa pambo la maneno tu, hadi matanga yenyewe yalipotandikwa nyumbani kwangu hapa Likoni.

Mwaka 2019, wakati serikali ilipoamuru mizigo iendayo bara isafirishwe kwa reli mpya, hofu iliwaingia wengi waliotegemea malori na yadi za makontena kule Changamwe na Miritini. Amri hiyo ilisimamishwa Oktoba kufuatia maandamano, lakini kibarua changu cha ukarani kilikuwa kimekwisha kuota nyasi. Sisemi kwamba amri ndiyo iliyonitia madeni. Vidole vyangu mwenyewe ndivyo vilivyobonyeza simu.

Sikumwambia mtu. Kila alfajiri nilivaa shati safi, nikavuka feri pamoja na wenzangu, kisha nikashinda nimeketi Makadara kama mtu anayesubiri miadi. Matumizi ya nyumbani niliyatoa katika mikopo ya simu, nikikopa huku ili nilipe kule. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana ndogo, yaani shilingi 750 kwa kila 10,000. Lakini anayeukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 angali anadaiwa.

Hatimaye nilifanya jambo ambalo hadi leo hunichoma moyo. Nilikuwa mweka hazina wa chama cha mtaa wetu, nikachota shilingi 18,000 zilizokuwa zamu ya mama mmoja muuza mihogo. Januari 2020 alipozitaka, sikuwa na kitu. Bintiye alichelewa wiki tatu kuripoti kidato cha kwanza.

Hapo ndipo nilipomweleza mke wangu yote, kisha nikasimama mbele ya wanachama. Walininyang'anya daftari na mfuko, lakini hawakunifukuza. Tulikubaliana nilipe shilingi 500 kila wiki. Nilipanga meza ya viazi karai karibu na steji. Zilihitajika wiki 36, na kwa sababu ya korona zikapita mwaka. Nililipa hadi shilingi ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba muungwana hufunika aibu yake, kwani stara ni jambo jema. Kweli, stara ni jambo jema. Lakini kasoro inayomnyima mtoto wa mwenzako karo si siri yako peke yako. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nawasihi basi walio katika shimo nililokuwamo waandike madeni yao yote katika karatasi moja na kuisoma mbele ya mtu wanayemwamini. Waache kabisa kukopa kwa ajili ya kulipa mkopo. Waanze na wale ambao wakikosa chao hulala njaa, kisha wawaendee wakopeshaji wakubwa kuomba muda. Aidha, wazijue haki zao. Tangu mwaka 2007, sheria ya benki nchini hairuhusu riba ya deni lililokwama kuzidi kiasi kilichokuwa kikidaiwa lilipokwama. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 nazo zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtukana mdeni au kuwapigia jamaa na marafiki zake ili kumwaibisha. Haki hizi humfaa anayejitokeza kuzidai. Aliyezima simu na kujificha hazimfikii.

Yule mama bado huniita "mweka hazina" kila anaponunua viazi vyangu, na wateja wote hucheka. Nami hucheka pamoja nao. Mfuko wa chama sijarudishiwa, wala sijauomba. Nimeridhika kwamba ninapovuka feri siku hizi, ninajua ninakokwenda, na nyumbani pia wanakujua.