Kijana Amevaa Nini? Tumuulize Kabla ya Kumfukuza

Katika vyuo vikuu vya Uingereza wako wanafunzi wanaolipiwa masomo ya udaktari, miaka mitatu au zaidi, ili wachunguze mavazi ya vijana katika vilabu vya usiku. Ndugu mmoja alituuliza: "Pasta, fedha hizo si zingelisha wakimbizi?" Swali ni la haki. Lakini tuangalie kwanza wanachunguza nini.

Tuchukue mfano wa Blitz, klabu ndogo ya London. Kuanzia 1979, kila Jumanne usiku, vijana walikusanyika pale. Wengi walikuwa wanafunzi wa sanaa au watu wasio na kazi, na nguo zao walijishonea wenyewe. Mlangoni alisimama Steve Strange, akichagua nani aingie kwa kutazama mavazi tu. Wazee waliona fujo. Watafiti wa leo huwasikiliza waliokuwapo, wakatazama picha na nguo zilizohifadhiwa, na humo wanaona vijana waliokosa nafasi wakitafuta kusema wao ni nani.

Kwetu pia tunajua nguvu ya nguo. Mobutu alikataza suti na tai akaleta abakosti, ili vazi litangaze Zaire yake. Hata hivyo vijana wa Kinshasa waliomfuata Papa Wemba walijivunia nguo za Ulaya. Tai iliruhusiwa tena 1990. Amri haikuua swali la kijana.

Hatusifu yote ya usiku. Ulevi na uasherati vinaharibu, nasi tutaendelea kusema hivyo. Lakini tuungame: milango ya makanisa yetu imefanana na ule wa Blitz. Tumemrudisha nyumbani binti mwenye suruali na kijana mwenye nywele za kusuka, bila hata kuuliza jina. Wengine hawakurudi tena. Na huku mashariki, kijana asiyepokelewa kanisani hupokelewa upesi na wengine, hata wenye bunduki.

Yakobo, sura ya 2, anawakemea wanaompa mtu kiti kwa kutazama nguo zake. Mtafiti analipwa ili amsikilize kijana. Sisi tuliitwa kumsikiliza bure. Jumapili hii, mzee wa kanisa anayesimama mlangoni amuulize kijana habari zake kwanza. Habari za nguo zitafuata, akiisha kuketi.