Nguvu ya Lori Si Injini Peke Yake

Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 2022 kuliwakumbusha wakaazi wa Visiwa vyetu jambo ambalo hawajapata kulisahau: kwamba kila lita ya petroli na dizeli tunayoitumia huja kwa meli, na bei yake hupangwa mbali na bandari zetu. Mwenye lori hulipa zaidi, na mkulima wa karafuu wa Konde hulipa naye, maana gharama ya mzigo haikosi kumrudia mwananchi.

Haishangazi basi kwamba mwenye lori kuukuu la petroli humuuliza fundi wake: je, injini hii haiwezi kwenda kwa gesi? Akishajibiwa kuwa yawezekana, huuliza la pili: je, haiwezi kutiwa turbo ili ipande vilima vya Pemba bila ya kutweta? Maswali yote mawili ni ya halali. Lakini majibu yake si mamoja, na sisi tunaona ni wajibu kuyatenganisha kabla watu hawajatumbukiza fedha zao, na pengine roho zao, katika jambo wasilolijua.

Kwanza tuondoe utata. Gesi asilia ya Songo Songo, ambayo huendesha baadhi ya magari ya Dar es Salaam, ni methani, na huhitaji mitungi mizito yenye kuhimili msukumo mkubwa mno. Gesi tunayoizungumza hapa ni ile ya majiko yetu, yaani propani iliyochanganywa na butani, ambayo hugeuka kuwa majimaji kwa msukumo mdogo zaidi. Gesi hii nayo huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kwa kuitumia tumekwisha kujitegemea. Tutakuwa tumebadili shehena ya meli tu.

Hata hivyo, faida zake ni za kweli. Mji wa Chicago, Marekani, ulianza kununua mabasi ya propani kwa mamia tangu mwaka 1950, na huko Uturuki magari ya gesi ya namna hii ni mamilioni. Gesi huingia katika silinda ikiwa kavu, haioshi mafuta ya kulainisha kwenye kuta zake, na huacha masizi machache. Injini ya petroli haina haja ya kubomolewa: hutiwa tangi maalumu, kifaa cha kugeuza majimaji kuwa gesi kwa kutumia maji ya moto ya rejeta, na kichanganyio juu ya kabureta. Injini ya dizeli ni habari nyingine. Haina plagi, na joto la mgandamizo peke yake haliwashi gesi hii kama linavyowasha dizeli. Anayeahidi kuibadili kwa siku moja aogopwe.

Ama kuhusu bei, hesabu ni nyepesi na kila mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu lita 1.4 za petroli. Bei ya petroli hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA. Mwenye lori aizidishe kwa 1.4, kisha ailinganishe na bei ya kilo ya gesi. Ikiwa tofauti ni ndogo, gharama ya vifaa haitarudi mpaka lori lenyewe life.

Sasa tuje kwenye turbo. Gesi huchukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, na kwa hiyo injini iliyobadilishwa hupoteza sehemu ndogo ya nguvu zake. Hapo ndipo tamaa huingia. Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, huzungushwa na moshi utokao, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Propani huvumilia mgandamizo kuliko petroli bila ya injini kugonga, na injini za zamani zina mgandamizo mdogo. Kwa nadharia, ndoa hii ni njema.

Lakini nadharia hiyo ni ya propani halisi. Butani haivumilii kiasi hicho, na mnunuzi wa mtungi hajui kilichomo ndani yake ni butani kiasi gani. Fundi aliyepima turbo yake kwa mchanganyiko mmoja anaweza kuharibikiwa na mchanganyiko wa shehena ijayo. Aidha, hewa ikizidi na gesi isiongezeke kwa kadiri yake, joto hupanda na pistoni hutoboka. Tena kigurudumu cha turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na uhai wake ni oili safi. Injini iliyokwisha kuchakaa, yenye beringi zilizolegea, haiongezewi umri kwa turbo, bali hupunguziwa.

Zaidi ya yote, injini ikipata nguvu, breki hazipati. Chesi, springi na usukani hubaki vile vile vilivyotoka kiwandani miaka 40 iliyopita. Nasi tunawajua wenzetu: lori likiweza kupanda na magunia zaidi, litapakiwa magunia zaidi, na kilichopanda kitateremka. Visiwa hivi havihitaji kufundishwa maana ya kupakia kupita kiasi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilitufundisha, na somo lile lilikuwa chungu.

Liko na suala la moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, bali hutambaa chini na kukaa katika shimo la gereji, au katika sitaha ya chini ya meli inayovusha magari baina ya Unguja na Pemba, ikingoja cheche moja. Mtungi wa jikoni haukuundwa kuendesha lori. Injini ikiufyonza kwa kasi hupoa na kudhoofika, na asiyejua huupindua ili utoe majimaji. Huko ni kucheza na mauti. Tangi la gari huwa na valvu inayozuia lisijazwe zaidi ya asilimia 80, na nyingine ya kupunguza msukumo joto likizidi. Mwezi Januari 1999, huko Vénissieux, Ufaransa, gari la gesi lililokuwa likiungua lililipuka na kuwajeruhi wazimamoto. Tangi lake halikuwa na valvu hiyo ya pili. Ilikuwa baada ya msiba huo ndipo valvu hiyo ilipofanywa kuwa ya lazima. Sisi tuna nafasi ya kutanguliza sheria mbele ya msiba.

Kwa hiyo tunasema wazi. Gesi katika malori ya petroli iruhusiwe, lakini kwa tangi la gari tu, na kwa mkono wa fundi aliyefundishwa na kupewa cheti. Taasisi ya Viwango iwatake waagizaji watangaze kiasi cha propani na butani katika kila shehena. Lori lililobadilishwa likaguliwe na libandikwe alama inayoonekana, ili baharia na mzimamoto wajue kilicho mbele yao. Na turbo isikubaliwe katika lori kuukuu mpaka breki zake zipimwe kwa mzigo kamili, na uzito unaoruhusiwa ubaki ule ule wa awali.

Kwa wenye magari tuna neno moja. Fedha za turbo zikitumika kwanza kufanyia breki, matairi na valvu za injini, lori litafika Konde kama kawaida, labda kwa kuchelewa dakika chache. Mwenda pole hajikwai, na familia inayomngoja dereva jioni haiulizi alikuja kwa kasi gani.