Si Kweli Kwamba Tafiti Zinaozea Makabatini

Hapa Songea, kikao cha wadau kiwe cha kahawa, cha lishe au cha elimu, hakiishi kabla mtu mmoja hajasimama na kusema kwamba tafiti za wasomi wetu zinaishia makabatini. Ukumbi hutikisa vichwa kukubali, mwenyekiti hushukuru kwa mchango, kikao kinaendelea. Mawaziri hulisema hilo, wabunge hulisema, na hata wahadhiri hulirudia ilhali kazi zinazosemwa ni zao.

Nalipinga neno hili. Zamani lilikuwa na ukweli wake. Leo linamkinga kiongozi asiulizwe kwa nini hakusoma, na linamfundisha kijana kwamba hakuna cha kutafuta. Wanaoumia ni wale wale wanaodhani linawatetea: mkulima wa Mbinga, mwalimu wa Namtumbo, mwanafunzi wa shule ya Songea Boys. Kuanzia sasa, anayelisema aulizwe papo hapo: ni utafiti upi, wa nani, na ameutafuta wapi?

Ndani ya neno hilo mna madai mawili. La kwanza ni kwamba kazi hizo zimefungiwa. Hilo halihitaji maneno mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vyote vina hifadhi huria mtandaoni. Unaandika neno unalotafuta, unafungua faili, unasoma. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa mkoani, na tasnifu nyingi zilizomo katika hifadhi yake ni za walimu na watumishi wa umma walioandika kuhusu mambo ya sehemu zao za kazi. Baadhi, hasa za fasihi na isimu, zimeandikwa kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho.

Dai la pili ndilo lenye madhara makubwa: kwamba hata kabati likifunguliwa, humo mna tasnifu tu za watu waliokuwa wakisaka digrii. Anayesema hivyo hajawahi kuingia. Hifadhi huria za siku hizi zinapokea ramani, picha, sauti, majedwali ya vipimo, hojaji, programu za kompyuta, mabango ya makongamano, hata madaftari ya nyanjani. Zenodo, inayoendeshwa na kituo cha CERN cha Ulaya tangu 2013, hupokea faili za aina zote kutoka kwa mtafiti wa nchi yoyote bila kumtoza hata senti. Na vilivyomo katika hazina hizi, kwa tasnifu na kwa visivyo tasnifu, vinatuhusu sisi wa Ruvuma kuliko tunavyodhani.

Chukua bonde la mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Miaka ya 1930, Rex Parrington, mtaalamu wa visukuku kutoka Cambridge, alikusanya huko mifupa iliyokwisha kuwa mawe, ikasafirishwa ng'ambo. Kijana mmoja, Alan Charig, akaiandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1956. Haikuchapishwa. Kwa kipimo cha wanaolalamikia makabati, hiyo ndiyo tasnifu mfu hasa: imeandikwa kwa ajili ya digrii, imebaki chuoni, na mwandishi wake amefariki mwaka 1997 bila kuitoa kama kitabu.

Lakini wataalamu waliendelea kuisoma na kuitaja miaka yote hiyo. Wanyama aliowaeleza Charig walijulikana kwa majina aliyowapa yeye kabla hawajatambulishwa rasmi. Desemba 2012, timu iliyoongozwa na Sterling Nesbitt ikamtangaza Nyasasaurus parringtoni, mnyama aliyeishi yapata miaka milioni 243 iliyopita. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, na kama si dinosaria basi ni ndugu yao wa karibu sana. Mwaka 2017 akafuata Teleocrater, katika jarida la Nature, na mwaka 2018 Mandasuchus. Katika makala zote tatu jina la Charig limo miongoni mwa waandishi, ingawa alikuwa kaburini miaka mingi. Tasnifu iliyokaa zaidi ya nusu karne bila kuchapishwa imebadili wanachojua wanasayansi kuhusu chanzo cha dinosaria, na mifupa yenyewe imetoka kwetu. Watoto wa Songea wanafundishwa dinosaria wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin. Huyu wa Ruhuhu hawajamsikia, na kosa hilo si la kabati.

Au chukua milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma na cha maji tunayokunywa mjini. Kila kiangazi tunabishana: msitu ulikuwa mkubwa kiasi gani, mabonde yalikuwa na maji kiasi gani, nani ameharibu. Kila mtu anasema kwa kumbukumbu ya babu yake. Lakini mwaka 1955 na 1956 wataalamu wawili wa mimea, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, walizunguka wilaya ya Songea wakikusanya mimea, Matogoro, Unangwa na kando ya mto Luhira. Walikuwa katika kazi ya kuandaa orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012. Mimea waliyoikausha imehifadhiwa Kew, London, na picha za mkusanyo wa Kew sasa zinafunguka kwenye simu.

Tazama karatasi moja ya namna hiyo. Mmea umebanwa na kushonewa kwenye karatasi nene, majani yamegeuka kahawia. Pembeni kuna kibandiko: jina la mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, aina ya ardhi, kama palikuwa na tope au mwamba, na rangi ya ua, kwa maana ua likikauka rangi hupotea. Huo ni ushahidi wa siku moja, mahali pamoja, ulioandikwa na mtu aliyesimama pale. Kamati ya maji inayojadili Matogoro bila kuangalia karatasi hizo inajadili gizani kwa hiari yake.

Kuhusu ngoro za Wamatengo, yaani kilimo chao cha mashimo, nitasema kwa uchungu zaidi. Wazazi wetu wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa vizazi bila udongo kuporomoka. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuhusu kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzao wa Sokoine wakapiga kambi Mbinga, na makala kadhaa zilizofuata, kama za Itani mwaka 1998 na Kato mwaka 2001, zilichapishwa katika jarida la African Study Monographs, ambalo lipo huria katika hifadhi ya Kyoto. Ukisoma utaona kazi hatua kwa hatua: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza katika miraba, wanawake wanachimba katikati ya mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo mpaka shimo linabaki limezungukwa na kingo, maharage yanapandwa, msimu unaofuata mahindi. Mna vipimo, mna michoro, mna maelezo ya jinsi ukoo unavyogawana mlima kati ya mito miwili. Kijana wa Kimatengo aliyekulia mjini, ambaye bibi yake amefariki, anaweza kujifunza humo kazi ya bibi yake. Mjapani ameiandika na ameiacha wazi. Sisi tunaendelea kusema makabatini.

Nakubali kwamba yapo ambayo bado ni magumu kufikiwa, na hayo yatajwe kwa majina yake badala ya kulalamika kwa jumla. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, ilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kutokana na kazi hiyo, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa mwaka 1969 kijitabu kuhusu vita hivyo katika Ungoni. Wazee wale hawapo tena. Sauti yao imebaki katika kurasa zilizopigwa taipu, na kurasa hizo nataka ziwekwe mtandaoni zote, kwa sababu mjukuu wa mzee aliyehojiwa Songea hapaswi kusafiri karibu kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kusoma maneno ya babu yake.

Tunajua karatasi zinaweza kufanya nini. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapa Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mwaka huo huo taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ilitangaza kwamba, baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, imepata ndugu walio hai nchini Tanzania. Walifika huko kwa vipimo vya DNA, lakini pia kwa orodha za mapokezi, barua, na maandishi ya wino yaliyoandikwa juu ya mfupa wenyewe. Nani angeita takataka orodha ya mapokezi ya mwaka 1906? Kwa familia inayosubiri kuzika, hakuna hati yenye thamani kuliko hiyo.

Kuna vizuizi vingine. Bando ni ghali, na Kiingereza kinamfukuza msomaji mlangoni. Hata tahajia inakwamisha: Wajerumani waliandika Ssongea, Waingereza Matagoro, na anayetafuta kwa tahajia ya leo peke yake atakosa nusu ya vilivyomo. Mkutubi wa maktaba ya mkoa na walimu wa historia wanaweza kufundishwa tahajia hizo kwa muda mfupi.

Jambo kubwa zaidi la kufanya liko mikononi mwa serikali ya mkoa. Mtafiti akishapata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hupita ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa kuchukua barua, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Ofisi hizo zinajua nani alikuja, lini na kutafuta nini. Ziweke masharti mawili ndani ya barua hiyo: kazi na data viwekwe katika hifadhi huria, majina ya waliohojiwa yakiwa yameondolewa isipokuwa wao wametaka yabaki, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili uletwe kwa maktaba ya mkoa, Makumbusho ya Maji Maji na shule ya kata mtafiti alikofanyia kazi. Asiyekubali masharti hayo asipewe barua.