Mionzi mara sita kwa wiki: nani atalipa Jumamosi?

Ikitajwa saratani ya koo au mdomo, sisi Wapwani hulilia mashine. Naona hiyo ni nusu ya kilio. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, wenye wagonjwa takriban 900 kutoka vituo tisa duniani, Afrika ikiwemo. Dozi ilikuwa ileile. Waliopigwa mionzi mara sita kwa wiki, asilimia 42 saratani ilidhibitiwa hadi miaka mitano. Waliopigwa mara tano, asilimia 30. Madonda ya mdomo yalizidi, lakini hakikuhitajika chombo kipya. Mashine Coast General ipo. Viongozi wetu watuambie: wahudumu wa Jumamosi, na malazi ya mgonjwa kutoka Lamu, nani atalipia?