Mashine ikisema haupo: Somo la riwaya kwa Ngorongoro

JUNI 2025, Serikali ilipozindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe walianza kuvishwa hereni zenye namba zinazohifadhiwa katika kompyuta.

Kwa mfugaji wa kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro, ng'ombe hutambulika kwa rangi, kwa chapa na kwa mkato wa sikio. Je, namba ikisomeka kuwa ng'ombe huyo ni wa mtu mwingine, nani ataaminiwa, mfugaji au kompyuta?

Swali hilo si geni kwa watunzi wa hadithi. Mwaka 1909, Mwingereza E.M. Forster aliandika 'The Machine Stops', inayohusu binadamu wanaoishi chini ya ardhi, wakipewa kila kitu na Mashine moja. Inapoanza kuharibika, wanalalamika kwenye kamati, kisha wanazoea kasoro. Mwishowe wanaelezwa kuwa hata chombo cha kuitengeneza nacho kimeharibika.

Katika filamu ya 'Brazil', iliyoongozwa na Terry Gilliam mwaka 1985, mdudu anaangukia mtambo wa kuchapa na kubadili herufi moja ya jina katika hati ya kukamata mtu. Raia asiye na hatia anakamatwa na kufia mikononi mwa dola. Ofisi inahangaika zaidi na kuweka sawa hesabu za makaratasi kuliko na uhai wake.

Katika kazi zote mbili, kuharibika kwa mtambo si kiini cha maafa. Maafa yanatokea kwa kuwa nje ya mtambo hakuna aliyebaki na uwezo wa kusema kwamba umekosea.

Ngorongoro ililionja jambo hilo mwaka 2024. Tangazo la Serikali Namba 673 la Agosti 2 mwaka huo lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika tarafa ya Ngorongoro. Piyaya, iliyo nje ya tarafa hiyo, haikuguswa na tangazo hilo, lakini majirani zake waliguswa. Wakati uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ukiendelea, wakazi walilalamika kuwa vituo vyao vya kupigia kura vimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilomita kutoka kwenye maboma yao.

Hapakuwa na mdudu aliyeangukia mtambo. Kompyuta hutunza kile ilichoambiwa, na usalama wake haulindwi kwa kuzuia wadukuzi wa nje peke yao. Mwenye nywila halali anaweza kumhamisha mtu kwenye orodha, ilhali mtu mwenyewe hajahama hata hatua moja.

Kilichorekebisha mambo hakikutoka ndani ya mfumo. Maelfu ya wananchi walijitokeza barabarani kuanzia Agosti 18. Agosti 22, Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo, na siku iliyofuata Serikali ikawaahidi wananchi kurejeshewa huduma na haki ya kupiga kura mahali walipo.

Jirani zetu wa Kenya nao wana ushuhuda. Katika uchaguzi wa Machi 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole viligoma katika vituo vingi, na daftari la karatasi ndilo lililookoa upigaji kura. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, baada ya tume kushindwa kufungua kikamilifu mitambo yake kwa ukaguzi ulioamriwa na mahakama.

Hoja hapa si kuikataa teknolojia. Hereni inaweza kusaidia kumkamata mwizi wa mifugo, na daftari la kielektroniki linaweza kufichua majina yaliyorudiwa. Lakini kila orodha inahitaji nakala ya karatasi inayobandikwa katani, muda wa kutosha wa kuweka pingamizi, na ofisa wa karibu mwenye mamlaka ya kusahihisha.

Bila hayo, mfugaji wa Piyaya atakuwa akisimama mbele ya ng'ombe aliyemzalisha kwa mikono yake, akisubiri mashine imwambie kama ni wake.