Majuma 18 ya Mama Anayenyonyesha: Mzigo wa Nani?



Katika mikutano yetu tunapenda kuzungumza juu ya uchumba, ndoa na malezi. Lakini neno kunyonyesha likitajwa, wavulana huinamisha macho na wasichana hucheka kidogo, kana kwamba jambo hilo ni la wanawake waliokwisha kuzaa tu. Mimi naona kinyume. Kunyonyesha ni kazi ya jamii nzima, na sehemu yake moja ni ya kwetu sisi vijana.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF wanashauri mtoto awekwe kifuani katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni majuma 26. Nayo Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama mwajiriwa mapumziko ya majuma 14, na kati ya hayo, yasiyozidi 8 ni ya baada ya kujifungua. Ukitoa 8 katika 26, yanabaki 18. Katika majuma hayo 18 kazi inamwita mama huku, na mtoto anamlilia kule.

Sheria hiyo haikumsahau mama kabisa. Inampa nusu saa mara mbili kwa siku ili amnyonyeshe mtoto wake, na muda huo hulipwa kama muda wa kazi. Ni haki njema, na kila msichana anayetafuta kazi yafaa aijue. Lakini hapa Bukavu, mama anayefanya kazi katikati ya mji na kukaa Panzi, nusu saa inamalizikia njiani kabla hajafika nyumbani. Na mama anayeuza mboga katika soko la Kadutu hana mwajiri wa kumpa mapumziko. Siku asipouza, nyumba hailali na chakula.

Hapo ndipo mashauri ya majirani yanapopata nguvu. Mmoja husema, “Mpe maji, jua ni kali.” Kumbe sehemu kubwa ya maziwa ya mama, karibu 87 kwa mia, ni maji, nayo ni safi kuliko yale ya bidoni. Mwingine husema, “Yale ya kwanza ya manjano yamwage.” Kumbe hayo ndiyo yanayompa mtoto kinga yake ya kwanza. Wa tatu husema, “Maziwa yako hayatoshi, mnunulie ya kopo.” Lakini titi si bidoni linalokwisha kwa kuchotwa, kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito anashiba. Maziwa ya kopo yanahitaji fedha, makaa na maji safi. Fedha ikipungua, unga hupunguzwa na maji huongezwa. Mtoto hushiba maji, kisha huanza kuhara.

Mama anayerudi kazini anaweza kujitayarisha. Yafaa aanze kujifunza kukamua maziwa kwa mkono majuma mawili kabla, akiwa amenawa vizuri, na kuyaweka katika chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Mahali pa baridi, kivulini, maziwa hayo hukaa hadi saa 4 bila kuharibika. Yakitakiwa kupashwa, chombo huwekwa ndani ya maji ya moto. Maziwa yenyewe hayachemshwi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa maana biberoni ni ngumu kusafisha. Mama amnyonyeshe kabla ya kutoka, mara anaporudi, na hasa usiku, wakati mwili unapochochewa zaidi kutengeneza maziwa. Akiwa na ugonjwa, au akitumia dawa, aulize kwanza katika kituo cha afya. Na yule ambaye kweli hakuweza kunyonyesha asihukumiwe na mtu yeyote.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Kumwambia mama, “Nyonyesha,” kisha kumwachia maji ya kuchota, vyombo vya kuosha na biashara ya kusimamia, ni kumtwisha mzigo na kumtazama akipanda mlima. Uchovu na wasiwasi huzuia maziwa kutoka vizuri. Kwa hiyo kijana anayemchotea dada yake maji amemsaidia mtoto kunyonya. Vilevile anayembeba mtoto mgongoni hadi sokoni saa ya kunyonya, au anayekaa penye meza ya mboga mama anapomnyonyesha mtoto kando. Ikiwa nusu saa haitoshi kumfikisha mama kwa mtoto, basi mtoto na apelekwe kwa mama.

Wako wanaoona haya mama akinyonyesha mbele ya watu. Wakumbuke kwamba Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama waliokuja kubatiza watoto wao wawanyonyeshe humo humo, kama wana njaa. Ikiwa pale haikuwa aibu, itakuwaje aibu sokoni, au kwenye benchi la kanisa letu?

Wavulana, msingoje siku ya kuwa baba ndipo mjifunze haya. Anayemcheka leo kaka yake kwa kumfulia mtoto nepi, kesho hatajua namna ya kumsaidia mke wake.

Napendekeza jambo moja kwa kila kikundi. Katika mkutano ujao, tuulize ni akina mama gani katika jumuiya yetu wenye watoto ambao hawajafikisha miezi 6, na ni nani kati yao wanaokwenda kazini, sokoni au shambani. Kisha wawili wetu, walioagana naye vizuri, wamwendee kila mmoja na kumwuliza kwa heshima: “Mama, ni saa ngapi unahitaji mikono yetu?” Jibu lake liandikwe, na siku ipangwe papo hapo.