Sayansi ya kunakili inawachosha watoto wetu



Nina lalamiko ambalo sisi wazazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunalizungumza barazani kila siku bila kulifikisha popote. Watoto wetu wanasoma sayansi kwa kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto anaandika daftarini, siku ya mtihani anarudisha maneno yaleyale, na somo limekwisha. Binti yangu yuko darasa la sita. Anakutajia kwa Kifaransa hatua zote za maisha ya mbu bila kukosea hata moja. Nilipomwonyesha viluwiluwi ndani ya pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, aliniuliza ni wadudu gani hao.

Simlaumu yeye, wala mwalimu wake peke yake. Tangu karo ya shule ya msingi ifutwe hapa Burundi mwaka 2005, madarasa yamefurika, na ziko shule zinazogawa siku mara mbili, hawa asubuhi na wale mchana. Mwalimu aliyezungukwa na umati huo, huku akikimbizana na programu ya masomo, ataona afadhali ubao. Kinachonikera ni kwamba shuleni kwa binti yangu liko kabati lenye lenzi za kukuzia, vipimajoto na sumaku. Nimeliona ofisini kwa macho yangu, limefungwa kwa kufuli. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa watoto watavunja, na kwamba vitu hivyo vimeandikwa kwenye orodha ya mali ya shule. Sumaku ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuishika ni mali ya nani?

Na hata kabati hilo lisingekuwepo, Bujumbura haikosi vifaa. Tumchukue huyo mbu. Malaria ndiyo inayojaza vituo vyetu vya afya msimu wa mvua. Mwalimu akichota maji ya dimbwi, akayatia katika chupa angavu na kuifunga mdomo kwa kipande cha chandarua, darasa zima litamwona kiluwiluwi akigeuka pupa, kisha mbu mwenye mabawa, kwa muda wa wiki mbili hivi. Atakayetazama vizuri ataona zaidi: kiluwiluwi wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji, na wa kuleksi, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini. Mtoto wa miaka kumi akishaijua tofauti hiyo, atarudi nyumbani kukagua mapipa na makopo ya mama yake bila kuambiwa na mtu.

Halafu liko ziwa. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470, na liko hapa hapa mjini. Samaki wadogo wa ndagala wanaanikwa ufukweni. Watoto waanike wachache juani na wachache kivulini, wawapime uzito asubuhi na jioni, waandike wanachokiona. Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani Gatumba, karibu na Bujumbura, mwaka 2020, na tena 2024, watoto walituuliza maji yote hayo yametoka wapi na mbona hayaondoki. Lilikuwa swali la sayansi kabisa. Rusizi unaleta maji kutoka Ziwa Kivu, mito mingine inashuka milimani, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Mti wenye alama za sentimita, uchomekwe ziwani mahali salama penye mtu mzima (viboko wapo, tunajua), usomwe kila wiki, nao watoto watakuwa na jibu walilolipima wenyewe.

Kwamba mtoto hujifunza sayansi kwa kushika na kuchunguza, Afrika Mashariki ililijua zamani. Katika miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi ambamo watoto walijifunza kwa vitu vya karibu nao, kama mchanga na mbu. Mtafiti Eleanor Duckworth, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia Jean Piaget, alikwenda Kenya kupima matokeo. Badala ya mtihani wa karatasi, aliwaingiza watoto katika chumba chenye vifaa, akawaacha wafanye watakavyo, yeye akitazama. Waliopitia mpango huo walibuni kazi nyingi zaidi, na za kina zaidi, kuliko wenzao.

Naiomba Wizara ya Elimu iweke katika mitihani maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu bila kuwa amewahi kupima au kuchunguza kitu, kwa sababu mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Wakuu wa shule watoe agizo la wazi kwamba lenzi ikivunjika darasani mwalimu hatalipishwa. Nasi wazazi tupeleke chupa, vipande vya chandarua, mizani ya jikoni. Mimi niko tayari kupeleka chupa za darasa zima la binti yangu. Lakini kabati lile lifunguliwe muhula ujao.

Mzazi, Buyenzi, Bujumbura